Kumkabidhi Mtoto Si Kumtupa



Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Lakini yuko binti ambaye hata hiyo kazi ya kwanza humlemea, kwa sababu anaibeba peke yake. Ameshika mimba asiyoitarajia. Aliyempa ameikana, au amehama mji na simu yake haipatikani tena. Nyumbani baba ametangaza kwamba hatalisha vinywa viwili. Watu wengi humwuliza binti huyo nani kampa mimba. Wachache humwuliza anahitaji nini. Na karibu hakuna amwulizaye kwa upole kama anajiona ataweza kumlea mtoto atakayemzaa.

Katika kurasa hizi tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo katika parokia zetu hutajwa kwa minong'ono tu, nalo ni mama kumkabidhi mtoto wake kwa familia nyingine kwa njia ya kuasili. Msimamo wetu una pande mbili, na tunawaomba wasomaji wasiutenganishe. Kwanza, mama anayeifikiria njia hiyo asiitwe mtupa mtoto. Pili, njia hiyo ni ya haki pale tu mama anapoichagua kwa hiari yake, baada ya kujifungua, bila kuharakishwa na mbele ya sheria. Yakikosekana hayo, kinachoitwa huruma hugeuka kuwa unyang'anyi.

HALI ILIVYO

Tusijidanganye kwamba jambo hili ni la watu wachache waliopotoka. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha 27. Idadi imepungua, na tunashukuru. Hata hivyo bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano, nao hukaa katika mabenchi yetu ya Jumapili.

Mji wetu uko njia panda. Barabara itokayo Dodoma hupita hapa kwenda Mwanza, na nyingine hutuunganisha na Babati na Arusha. Malori hulala hapa, wafanyabiashara wa alizeti na vitunguu hulala hapa, na wanafunzi wa vijijini hupanga vyumba mitaani bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kadhalika, mabinti wa mkoa huu huondoka kwenda miji mikubwa kutafuta kazi za ndani, na wako wanaorudi na mimba na begi moja la nguo, wakiogopa kufika kwao. Sisi sote tunayaona hayo. Tunayaona pia yale tusiyopenda kuyasema: habari za vichanga kuokotwa vichakani na majalalani, ambazo magazeti ya nchi yetu hayajaacha kuzitoa. Anayefikia kutenda hivyo aghalabu aliona milango yote imefungwa. Swali la haki ni hili: nani aliyeifunga?

MILA ZETU ZILIVYOFANYA

Si kweli kwamba kumpa mtu mwingine mtoto amlee ni jambo geni kwetu. Wangapi miongoni mwetu tulilelewa na bibi, shangazi au mama mkubwa? Mtoto wa binti aliyezaa nyumbani alibaki kwa bibi yake, akamwita mama, naye mama yake halisi akaolewa kwingine. Waswahili walikuwa na neno kwa ajili ya mtoto huyo: kitanda hakizai haramu. Maana yake ni kwamba kosa, kama lipo, ni la wakubwa. Mtoto hana lake.

Malezi hayo ya ukoo yameokoa watoto wengi, nasi tunayaheshimu. Kabla ya kumtafutia mtoto familia ya mbali, ni haki kuuliza kwanza kama yuko ndugu anayeweza na anayependa kumlea. Lakini malezi hayo yana udhaifu ambao hatuna budi kuutaja. Hayana maandishi. Bibi akifariki, mtoto hubaki hajulikani ni wa nani. Mlezi akifariki, wanawe wa kuzaa humwambia mwenzao arudi kwao, hana fungu katika shamba. Na yako matukio ya kusikitisha ambapo ukoo uliomkataa mtoto akiwa mchanga hujitokeza kumdai akiwa na nguvu za kuchunga ng'ombe, au akiwa binti ambaye mahari yake imekaribia. Mtoto aliyelelewa kwa upendo hugeuzwa mali ya kugombaniwa.

SHERIA INASEMAJE

Kwa sababu hiyo inafaa tuijue Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kuasili ni amri ya Mahakama Kuu. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuitoa, wala paroko, wala daktari, wala mlezi wa makao ya watoto. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa hukoma, na mtoto huhesabiwa kuwa mtoto wa waliomwasili kana kwamba wamemzaa wenyewe, pamoja na haki ya kurithi. Jina lake huingizwa katika rejesta ya watoto walioasiliwa iliyo chini ya Msajili Mkuu.

Mahakama hutaka ridhaa ya wazazi. Hutaka kuridhika kwamba anayeridhia ameelewa kuwa jambo hili ni la kudumu, si mkopo. Tena hutaka kuhakikisha kwamba hakuna malipo yaliyotolewa wala kuahidiwa kwa ajili ya mtoto. Anayeomba kuasili anatakiwa awe amefikia miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, isipokuwa kwa jamaa ambao sheria imewawekea masharti yao. Afisa Ustawi wa Jamii huchunguza nyumba ya mwombaji na kutoa taarifa, na mtoto huishi na waombaji kwa muda katika malezi ya kambo kabla ya amri kutolewa. Raia wa kigeni naye amewekewa masharti mazito zaidi, likiwamo la kuishi nchini miaka 3 mfululizo.

Wako wanaolalamika kwamba mlolongo huu ni mrefu. Ni mrefu kweli, na serikali yafaa iwaongezee maafisa ustawi nguvu na vitendea kazi ili mtoto asikae makaoni kwa miaka akingoja karatasi. Lakini urefu huo una sababu. Kila hatua iliwekwa kumlinda mtu ambaye hana sauti: mtoto asiyeweza kusema, na mama anayeogopa kusema.

HATARI YA KUMALIZANA KWA SIRI

Ubaya ni kwamba wengi huikwepa njia hiyo. Mama mmoja anamtaka mtoto, mwingine amemzaa asiyemtarajia, na mtu wa kati huwaunganisha. Hutolewa fedha kidogo iitwayo nauli au pole, mtoto huandikishwa kwa jina la mama asiyemzaa, na jambo linaonekana limekwisha. Halijakwisha. Karatasi za uongo haziwezi kumpa mtoto haki za kweli. Siku mlezi anapofiwa na mumewe, siku mtoto anapougua na daktari kuuliza magonjwa ya ukoo, siku mama mzazi anapojuta na kurudi mlangoni, ndipo familia inapogundua kwamba haina msingi wowote wa kusimamia. Aidha, fedha ikishaingia hatuwezi tena kusema kwamba tunamzungumzia mtoto aliyepewa familia, tunazungumzia bidhaa. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008 haitungwi kwa ajili ya watu wa mbali tu. Kiongozi wa jumuiya anayejitia udalali wa namna hiyo, hata kwa nia njema, hajasaidia, ameuza.

UMASKINI PEKE YAKE SI SABABU

Hapa tunafika mahali ambapo huruma ya waamini inaweza kukosea njia. Tunamwona binti maskini, tunaijua familia yenye uwezo, na papo hapo hesabu inaonekana rahisi: mtoto atakula vizuri kule. Tunasema hapana. Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliweka wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji msaada. Kama ambacho mama anakosa ni godoro, sabuni, na mahali pa kulala kwa miezi sita, wajibu wetu ni kumtafutia godoro, sabuni na mahali pa kulala. Kumchukua mtoto ni jambo jingine kabisa.

Vivyo hivyo shule. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Basi mzazi au mwalimu asimwambie binti kwamba ni lazima achague kati ya mtoto na daftari. Chaguo hilo serikali imeliondoa, tusilirudishe sisi.

Na baba wa mtoto je? Katika mazungumzo yetu yote mwanamume huyu hutoweka kama moshi. Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilimsaidia kutoweka: sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilimtoza kiwango kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, fedha ambayo hatimaye haikutosha kununua hata kiberiti na chumvi. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta. Leo mama anaweza kuomba mahakama imtambue baba na kumwamuru atoe matunzo, na anaweza kuanza kuomba hata kabla ya kujifungua. Binti anayefikiria kumtoa mtoto kwa kuwa hana wa kumsaidia ana haki ya kulijua hilo kwanza.

UHURU WA MAMA NA FUNDISHO LA MATAIFA MENGINE

Yote hayo yakishasemwa na kufanywa, bado yatabaki mazingira ambapo mama, kwa kupima mambo mwenyewe, anaona kwamba hataweza kuwa mzazi wa mtoto huyu. Pengine mimba imetokana na kubakwa. Pengine imetokana na ndugu wa damu, naye anajua mtoto atakua katika nyumba ileile ya aliyemtenda. Pengine ni mgonjwa, au ana watoto wengine ambao tayari wanalala na njaa na hakuna ndugu wa kumshika mkono. Anayeamua katika hali hiyo kumbeba mtoto miezi tisa, kumzaa salama na kumtafutia nyumba, hajakwepa wajibu wa uzazi. Ametimiza sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote.

Uamuzi huo lakini ni wake, na wakati wake si leba. Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unataka ridhaa ya mama itolewe baada tu ya mtoto kuzaliwa. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Watoto ya 2001, waliweka kwamba mipango ya kuasili isianze kabla mtoto hajatimiza wiki 6. Hekima yake iko wazi kwa kila mwanamke aliyezaa: mtu hamjui mtoto wake hadi amemwona, na moyo wa kabla ya uchungu si moyo wa baada yake. Mimba ni wakati wa kufikiri, kuuliza na kusikilizwa. Si wakati wa kutia sahihi.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu watu wa Kanisa katika nchi nyingine walilipuuza, na aibu yake haijafutika. Nchini Ireland, kwa miongo mingi, mabinti walioshika mimba nje ya ndoa walifichwa katika nyumba maalumu, nyingi zikiendeshwa na mashirika ya kitawa, na watoto wengi wakatolewa mikononi mwa mama zao. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Januari 2021 ilieleza kwamba watoto wapatao 9,000 walikufa katika taasisi 18 ilizozichunguza. Huko Australia, tarehe 21 Machi 2013, Waziri Mkuu Julia Gillard aliomba radhi kwa niaba ya taifa kwa mama waliolazimishwa kuwatoa watoto wao. Wengi wa waliotenda hayo waliamini kwamba wanamsaidia binti kuficha aibu na mtoto kupata nyumba njema. Nia njema isiyoheshimu uhuru wa mtu ni mlango wa dhuluma.

MAJIBU KWA WENYE WASIWASI

Wako wanaosema: mtoto atapotea ukoo wake, na siku moja ataoa dada yake bila kujua. Hofu hiyo ni ya kweli, nasi hatuicheki. Lakini ni nani hasa mwenye hatari hiyo? Ni mtoto aliyetolewa kwa siri, ambaye hakuna kumbukumbu yake popote. Aliyeasiliwa kisheria ana jalada mahakamani na jina katika rejesta. Nasi tunawashauri wazazi walioasili wasimfiche mtoto asili yake, bali wamweleze kwa upendo kadiri anavyokua na kuelewa. Ukweli uliosemwa mapema na mama huuma kidogo. Ukweli uliosemwa na jirani wakati wa ugomvi huvunja.

Wengine wanauliza juu ya majirani zetu Waislamu, ambao katika mji huu tunaishi nao nyumba kwa nyumba na hata ukoo kwa ukoo. Wao wana njia ya kafala, ambayo humpa mtoto malezi na ulinzi bila kubadili nasaba yake. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeitambua. Binti Mwislamu akija kwetu kuomba ushauri, haki inadai tumpeleke kwa watu wake na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Asigeuzwe mavuno ya mtu.

WAJIBU WETU

Katika Kitabu cha Kutoka tunasoma habari za mama aliyeshindwa kumficha mtoto wake zaidi. Alimtengenezea kisafina, akakipaka lami maji yasiingie, akakiweka katika majani kando ya mto, na dada wa mtoto akasimama kwa mbali aone yatakayompata. Huyo hakumtupa Musa, alimweka. Tofauti kati ya kutupa na kuweka ni ile lami, na yule dada aliyesimama. Parokia inaitwa kuwa lami hiyo na dada huyo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo ya kawaida, yasiyohitaji fedha nyingi. Kila parokia iwe na wanawake wawili au watatu wenye busara, tuseme kutoka WAWATA, watakaojulikana kwa majina kwamba binti anaweza kuwaendea bila kuhukumiwa na siri yake ikatunzwa. Wao wasimwamulie. Wampeleke kliniki mapema. Wamfikishe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa, na kama amebakwa au kutishwa, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wamjulishe kwamba simu namba 116 hupokea bure habari za mtoto aliye hatarini, naye akiwa chini ya miaka 18 ni mtoto bado. Wazungumze na wazazi wake kabla hasira haijawa uamuzi. Akiamua kumlea mtoto, jumuiya imsaidie. Akiamua kumkabidhi, jumuiya imsindikize mahakamani na kukaa naye baadaye, maana kifua chenye maziwa na mikono mitupu ni msiba, ingawa hakuna anayeweka matanga.

Kwa wenye ndoa nao tuna neno. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliwahimiza wenye ndoa wa Kikristo kuwafungulia watoto wasio na wazazi milango yao. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililichagulia Kanisa letu sura ya Familia ya Mungu. Lakini katika mji huu mwanamke asiye na mtoto husemwa, na akimwasili mtoto husemwa tena, kwamba analea damu ya watu. Familia ya Mungu inayosema hivyo inajikana yenyewe. Wenye nafasi katika nyumba zao waende kwa Afisa Ustawi wajiandikishe kwa utaratibu, wakijua kwamba wanatafutia mtoto wazazi, wala hawajitafutii mtoto kama atafutaye chombo kilichopungua ndani.

Mwisho, lugha zetu. Tuache kusema binti ametupa mtoto wakati alimkabidhi kwa machozi mbele ya hakimu. Tuache kusema mtoto wa kuokota. Tuache pia kumtukuza kupita kiasi aliyemtoa mtoto, hata mwingine akadhani kwamba aliyeamua kulea katika umaskini amekosa. Wote wawili ni mama. Tulichoitwa kufanya ni kuona kwamba hakuna hata mmoja aliyefika hapo kwa kufungiwa milango.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Binti wa jumuiya yetu akishika mimba asiyoitarajia leo, atamwendea nani kwanza? Kwa nini huyo, na si sisi?

2. Je, katika mtaa wetu wako watoto wanaolelewa bila maandishi yoyote? Tunaweza kuwasaidiaje walezi wao wamwone Afisa Ustawi wa Jamii?

3. Ni maneno gani tunayoyatumia juu ya mama asiyeolewa, juu ya mtoto wa kuasili na juu ya ndoa isiyo na mtoto? Ni yapi kati ya hayo tunaazimia kuyaacha?

4. Wanaume wa jumuiya hii wanawaambia nini vijana wa kiume kuhusu mtoto waliyempa binti mimba yake?